Kufyeka kiwanja si kukitayarisha: dhana potofu za wanaojenga Mombasa

Tangu barabara ya Dongo Kundu iunganishe Miritini na upande wa Likoni bila kupanda feri, simu za watu wanaotaka kujenga maghala, maduka na vituo vya mafuta hazikatiki. Kiembeni, Utange na Shanzu nako ni vivyo hivyo. Mimi ni msimamizi wa kazi za ardhi. Kazi yangu huisha pale mwashi anapopanga tofali la kwanza, kwa hivyo huyaona yale ambayo mwenye jengo hatayaona tena zege likishamwagwa. Wengi wanakuja na pesa halali na nia nzuri, kisha wanaumia kwa kuamini maneno ambayo yamezoeleka tu. Nitayataja yale ninayoyasikia mara kwa mara.

"Hati ninayo, basi ardhi ni yangu"

Hati ni kitu kikubwa, lakini peke yake haitoshi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti iliyoko Nyali karibu na ufuo. Kampuni ilikuwa imenunua na ilikuwa na hati. Mahakama ikasema ardhi ile ilikuwa ya umma, mgao wa kwanza haukufuata sheria, na hati iliyozaliwa na mgao huo haiwezi kumkinga mnunuzi hata akisema alinunua kwa nia safi. Kwa hivyo mwambie wakili wako asitosheke na karatasi ya msajili inayomtaja mmiliki wa leo. Airudishe historia nyuma, mpaka mtu wa kwanza kugawiwa.

Kisha kuna jambo la Pwani ambalo wageni kutoka bara hulishangaa: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta, paa na milango, na kila mwezi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Utaratibu huu umerithiwa toka kwa mababu. Ukinunua ardhi ambayo juu yake kuna nyumba za namna hii, hujanunua kiwanja kitupu. Umenunua mazungumzo marefu na familia kadhaa, na wana haki ya kusikilizwa na kulipwa. Vipande vingine ni wakfu, vilivyowekwa kwa ajili ya msikiti au jamaa, na haviuzwi kama ploti ya kawaida. Kabla ya kuleta tingatinga, kaa barazani na wazee wa mtaa. Siku moja ya kukaa nao imewahi kutuokolea mwaka mzima wa mahakamani.

"Mombasa yote ni jiwe, msingi haupasui kichwa"

Si yote, na hata jiwe lenyewe lina siri. Kisiwani, Nyali, Bamburi na Shanzu, chini kuna mwamba wa matumbawe. Ukiupiga nyundo unalia, lakini ndani una mapango na mifuko ambayo maji ya mvua yameitoboa kwa maelfu ya miaka. Ukielekea magharibi, Changamwe, Jomvu na Miritini, unakuta mwamba wa tabaka jembamba jembamba ambao juu yake huoza na kuwa udongo mzito, unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kaskazi. Kuna ploti nyingine zilikuwa machimbo ya mawe, zikajazwa udongo na taka miaka mingi iliyopita. Kwa macho hazitofautiani na jirani zake.

Tulikuwa tukisafisha ploti ya ghala Mtopanga. Ramani ya mpima ardhi ilikuwa safi kabisa. Akaja bibi mmoja wa nyumba ya pili, leso kichwani, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaniambia. "Hapo linapoelekea hilo gari palikuwa na kisima cha babu yetu. Kilifukiwa mimi bado mwari." Tukasimamisha mashine. Tukachukua chuma cha mita mbili tukakidunga ardhini, kikazama chote bila nyundo. Hatua tatu kando yake kiligota kwenye jiwe kikakataa. Na moja ya nguzo kuu za ghala ilikuwa imechorwa juu ya kile kisima.

Siku hizi, kabla ya mchoro wa msingi kukamilika, nataka mashimo ya uchunguzi kwenye kila pembe na chini ya kila nguzo nzito, na mhandisi wa udongo ayaone kwa macho yake. Kama ploti iko karibu na mkono wa bahari, iwe Tudor, Mwache au Mtwapa, nenda uitazame siku ya bamvua, bahari inapojaa sana, si siku ya maji mafu, inapojaa kidogo. Utaiona ardhi yako ilivyo.

"Nitachimba kisima changu, maji si tatizo"

Hapa ndipo ninapotamani watu wangenisikia zaidi. Karibu maji yote ya mfereji ya Mombasa hutoka nje ya kaunti: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la takriban kilomita 220, Marere na Tiwi kule Kwale, na Baricho, karibu na mto Sabaki, Kilifi. Hayatoshi, ndiyo maana mitaa hupewa kwa zamu. Basi mjenzi husema atachimba.

Kisima cha mashine kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Lakini kibali ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba kwenye ufuo wetu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yameelea juu ya maji ya bahari, chini ya ardhi, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta taratibu unapata ya juu. Ukivuta kwa pampu kubwa mchana na usiku, ya chumvi hupanda. Kisima kilichokuwa kitamu mwaka wa kwanza huweza kuanza kuacha chumvi nyeupe mdomoni mwa bomba, na jirani yako naye anaharibikiwa na chake.

Ubaya zaidi ni pale maji hayo yanapochanganyiwa zege. Ndani ya zege nzuri, chuma hukaa kimefunikwa na ngozi nyembamba inayokilinda. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Chuma kikianza kupata kutu huvimba, na kikivimba hukipasua kilichokizunguka. Pita chini ya baraza za majengo mengi ya hapa utazame juu: zege limebanduka, chuma kimetokeza, chekundu, kinamenyeka kwa kidole. Watu husema ni upepo wa bahari. Upepo una sehemu yake, ndiyo, lakini mara nyingine chumvi iliingia siku ya kwanza, kwa ndoo, pamoja na mchanga ambao haukuoshwa.

Kuonja kwa ulimi hakutoshi. Maji ya kujengea yapelekwe maabara yapimwe. Yakishindwa, nunua maji baridi kwa lori na uweke tangi kubwa kiwanjani kabla ya kuleta simiti, na gharama hiyo uiandike kwenye bajeti tangu mwanzo. Mkandarasi ambaye hakuhesabiwa maji atatumia yatakayopatikana.

"Waya wa stima unapita mbele, kuunganisha ni siku mbili"

Waya unaopita mtaani huenda unabeba fezi moja ya volti 240 kwa ajili ya taa na friji za majumbani. Jengo la biashara lenye lifti, pampu na chumba cha baridi linataka fezi tatu, volti 415, na mara nyingi transfoma yake lenyewe. Hapo lazima laini ya volti kubwa ivutwe, na ikipita juu ya ardhi ya wengine wao pia waridhie. Mwambie mhandisi wa stima ajumlishe mzigo wote ukiwa bado kwenye michoro, kisha peleka ombi mapema. Nimeona jengo limepakwa rangi, vioo vimewekwa, wapangaji wanasubiri, na linaendeshwa kwa jenereta mwezi baada ya mwezi.

Intaneti nayo ni vivyo hivyo. Nyaya za chini ya bahari zinatua Mombasa, hilo ni kweli, lakini hazitui mlangoni mwako. Laza bomba tupu la kupitishia nyaya wakati mtaro bado uko wazi.

"Shimo linalonyonya haraka ndilo zuri"

Sehemu kubwa ya Kisauni na Nyali haina bomba la maji taka, kwa hivyo kila jengo hujitegemea. Fundi humwaga mtungi wa lita 20 kwenye shimo la majaribio, maji yanatoweka hata hajamaliza kumwaga, anafurahi. Kwenye matumbawe, kutoweka huko maana yake ni kwamba uchafu unapita kwenye matundu bila kuchujwa na kufika kwenye maji yaleyale watu wanayoyavuta. Miritini mambo ni kinyume: utamwaga asubuhi na jioni bado yamesimama, shimo lako litafurika masika ya kwanza. Hoteli, hospitali au jengo la maduka linahitaji mtambo wa kusafisha maji taka, na mtambo unahitaji nafasi. Nafasi hiyo itengwe kabla ya kuchora maegesho ya magari.

Maji ya mvua je? Watu huinua kiwanja chao kwa malori ya udongo wakadhani wamemaliza. Maji hufuata mkondo. Ukiuziba, yatapitia kwa jirani au yatarudi kwako kwa nguvu zaidi, kama tulivyoona mitaani mvua za Novemba 2023. Hata bahari haikubali kuzibwa: ile njia ya kujazwa udongo ya Makupa iliyozuia maji kupita ilibidi iondolewe, na daraja likafunguliwa 2022.

"Vibali vitafuata, anza kufyeka"

Kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa biashara ni uamuzi wa kaunti, chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo hutaka ripoti ya athari za mazingira kabla ya kazi kuanza, si baada. Mikoko ni msitu wa serikali tangu enzi za ukoloni, hata kama imeota kwenye kona ya ramani yako. Na anayejenga kwenda juu karibu na uwanja wa ndege wa Moi ana idhini ya usalama wa anga ya kutafuta.

"Mabomba yako wapi? Fundi anakumbuka"

Fundi anakumbuka mpaka anapopata kazi Lamu. Baada ya miaka miwili bomba linapasuka chini ya maegesho, na watu wanavunja lami huku na kule wakilitafuta, wakiogopa kuukata waya wa stima ambao nao hakuna ajuaye ulikopita. Kabla mtaro haujafukiwa, upige picha kwa simu na futi ya kupimia iwe imelazwa kutoka ukutani mpaka kwenye bomba, namba zisomeke. Andika tarehe na kina. Toa nakala mbili, moja ukae nayo wewe na nyingine ipigiliwe ndani ya mlango wa chumba cha mita.