Seva mbili na dhana kwamba mfumo hauzimiki

Dhana: tukinunua seva ya pili, mfumo hauzimiki tena.

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na wauzaji wa vifaa hawana haraka ya kuikanusha. Fikiria SACCOS ya pale Igoma, Mwanza. Seva mbili ziko kwenye kabati moja, zimechomekwa kwenye UPS (betri ya akiba) moja, nyaya zao zinaingia swichi ileile ya mtandao. Radi za usiku upande wa ziwa mnazijua. Swichi ikiungua, seva zote zinaunguruma vizuri na hakuna anayezifikia.

Afadhali hata kuzimika kuliko hili. Seva hizi hutumiana ishara kila mara kuambiana "nipo". Waya wa kati ukikatika, kila moja huamini nyingine imekufa, inajitwalia kazi yote. Karani wa dirisha la kwanza anaandika kwenye seva hii, wa pili kwenye ile, na mwanachama yuleyule anatoa akiba ileile mara mbili. Kuja kupatanisha vitabu hivyo ni kazi ya mikono, mstari kwa mstari.

Dawa yake ni akidi, kama kwenye mkutano mkuu: kila mashine ina kura moja, na bila zaidi ya nusu ya kura, hakuna uamuzi. Kura tatu huvumilia kifo cha moja. Nne nazo huvumilia moja tu, kwa hiyo ya nne haikuongezei kinga. Kura ya tatu haihitaji seva kubwa. Kompyuta ndogo inatosha, ilimradi ikae kwingine, tuseme tawi la Nyegezi. Upande wenye akidi huukatia mwingine umeme kabla ya kugusa data. Ni ukatili wa lazima, maana seva iliyoganda inaweza kuzinduka na kuendelea kuandika.

Dhana: data ikinakiliwa papo hapo kwenye seva ya pili, hiyo ni bakapu (nakala ya akiba).

Sivyo. Futa orodha ya wanachama kwa bahati mbaya, nayo inafutika kote.

Dhana: mfumo kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda ni sawa na mia.

Ni karibu saa 8 na dakika 46 za kuzimika kwa mwaka, na zinaweza kuangukia zote siku ya mishahara. Kwa 99.99 zinabaki kama dakika 53.

Dhana: moja ikifa, nyingine itabeba.

Kama kila moja inatumia asilimia 60 ya uwezo wake, itakayobaki inabebeshwa 120. Jaribuni kuzima moja Jumamosi jioni, mhasibu akiwa na taarifa. Wengi huchomoa waya wa umeme tu, wakaridhika. Chomoeni na ule unaoziunganisha.