Kabla hujasaini kujitoa kwenye kanuni za mawakala wa ajira Uingereza

Ukipata kazi ya mkataba Uingereza kupitia wakala, huku ukilipwa kupitia kampuni uliyoisajili mwenyewe au kampuni mwavuli (inayokuajiri na kukulipa huku wakala akikupeleka kazini), kwenye makaratasi utakayotumiwa huwa kuna ukurasa mmoja mfupi. Unasema kwamba kampuni na mtu atakayefanya kazi wamekubali Kanuni za Mwenendo wa Mawakala wa Ajira za mwaka 2003 zisiwahusu. Chini kuna nafasi mbili za saini, na kama kampuni ni yako unazijaza zote mbili wewe mwenyewe. Kazi inaanza Jumatatu, kwa hiyo watu husaini tu. Ushauri wetu ni mmoja: usisaini.

Kanuni hizi zinatumika England, Scotland na Wales, na kifungu cha 32 kinaruhusu kweli anayefanya kazi kupitia kampuni kujitoa. Ila ruhusa hiyo humnufaisha zaidi wakala.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Mwezi umekwisha, na meneja wa mteja (yaani kampuni unakofanyia kazi) aliyepaswa kusaini fomu ya saa zako amekwenda likizo. Ukiwa ndani ya kanuni, kifungu cha 12 kinamkataza wakala kukunyima malipo kwa sababu tu fomu haina saini. Anaweza kuchukua muda wa kawaida kuhakiki, lakini saa ulizofanya ni lazima zilipwe. Vilevile hawezi kukwambia usubiri kwa kuwa mteja hajamlipa yeye. Mteja akifilisika, wakala bado anadaiwa na wewe. Ukishajitoa, kinga hiyo haipo tena. Kinachobaki ni maneno ya mkataba, na hapo wakala yuko huru kuweka kipengele kinachosema utalipwa pale mteja atakapolipa. Wakala ndiye aliyemchagua mteja na ndiye anayechukua kamisheni. Kwa nini hasara ya mteja asiyelipa ibebwe na mfanyakazi mwenye kodi ya nyumba na watoto wa kulisha? Sioni hoja yoyote ya haki hapo.

Kuna pia suala la kuajiriwa na mteja moja kwa moja. Kanuni zinamzuia wakala kukuadhibu kwa kwenda kufanya kazi kwingine, na ada anayoweza kumtoza mteja kwa kukuchukua ina mwisho: wiki 14 tangu uanze kazi kwa mteja huyo, au wiki 8 tangu wakala aache kukupeleka kwake, kutegemea ipi inaisha baadaye. Aliyejitoa anaweza kukuta mkataba unamfungia mlango kwa miezi kadhaa, na njia yake ya kujitetea ni kubishana mahakamani.

Wengine huambiwa kwamba kujitoa kunawaokoa na IR35, kanuni ya kodi inayomtoza kama mwajiriwa mtu anayelipwa kupitia kampuni yake huku kazi yake ikiwa kama ya mwajiriwa. Chimbuko la imani hiyo ni kwamba sheria ya mawakala inamzungumzia mtu anayefanya kazi chini ya udhibiti wa mteja, kwa hiyo anayejitoa anaonekana kusema hadhibitiwi. Lakini mamlaka ya kodi, HMRC, pamoja na mahakama, hutazama kazi inavyofanyika kwa vitendo: nani anakuelekeza, kama unaweza kumtuma mtu mwingine badala yako, kama mteja analazimika kukupa kazi. Ukurasa huo peke yake hauthibitishi lolote kati ya hayo.

Wakala akikwambia bila kusaini hakutafutii kazi, anavunja kanuni zenyewe. Kifungu hichohicho cha 32 kinakataza kuweka sharti hilo. Mjibu kwa barua pepe, kwa adabu, kwamba hujitoi na unaomba mkataba unaofuata kanuni, kisha hifadhi majibu yake. Angalia na tarehe. Taarifa ya kujitoa inatakiwa itolewe kabla hujatambulishwa au kupelekwa kwa mteja. Fomu inayokufikia baada ya usaili imechelewa.

Kwa wauguzi na walezi wanaohudumia wazee, wagonjwa au watoto, kujitoa hakupo kabisa. Hata mkisaini, saini hiyo haina nguvu, na kanuni zinaendelea kuwalinda.

Msichanganye fomu hii na ile ya kukubali kufanya kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki. Ile ni ya Kanuni za Muda wa Kazi za 1998, na unaweza kuifuta kwa kutoa notisi. Nayo haki ya wanaolindwa na Kanuni za Wafanyakazi wa Mawakala za 2010, ya kulipwa sawa na walioajiriwa moja kwa moja baada ya wiki 12, haiondolewi kwa kusaini.

Kama tayari umeshajitoa, unaweza kutengua kwa maandishi. Ila ukiwa katikati ya kazi kwa mteja, utenguzi hautaanza kufanya kazi mpaka umalize nafasi hiyo, kwa hiyo upeleke mapema, kabla wakala hajaanza kukutafutia kazi inayofuata.