Mvua ni nini, na kwa nini si kila wingu hunyesha

Mwezi wa Julai jua la Kigoma linawaka, upepo wa kusi unavuma juu ya Ziwa Tanganyika, na mvuke unatoka majini mchana na usiku. Sehemu kubwa ya maji yanayopungua katika ziwa hili huondoka kwa njia hiyo, kuliko yanayochukuliwa na mto Lukuga. Hata hivyo Julai hakuna mvua. Nikiulizwa mvua ni nini huanzia hapo, maana shuleni wengi tulikariri kwamba jua hupasha maji, mvuke hupanda, mvua hunyesha, basi. Si uongo, ila kazi yote ya katikati imerukwa.

Mvua ni maji yaliyokuwa mvuke hewani, yakageuka tena kuwa maji au barafu huko juu, yakawa mazito kiasi kwamba hewa inayopanda haiwezi kuyabeba, yakaanguka.

Mvuke wenyewe hauonekani. Tunachokiita wingu ni vitone vya maji, au chembe za barafu, vilivyotokana na mvuke uliopoa, kama vile vinavyojitokeza kwenye chupa ya maji baridi ukiiweka mezani pale Ujiji. Angani, njia kuu ya hewa kupoa ni kupanda. Ikipanda hupanuka, na ikipanuka hupoteza kama nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita 1, hadi wingu lianze kujijenga. Mvuke unapogeuka maji huachia joto, na joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda. Ndiyo sababu wingu lililokuwa dogo saa saba mchana huweza kuwa mlima mweusi ifikapo saa kumi.

Julai kinachokosekana ni huko kupanda. Wakati wa kiangazi hewa ya juu hushuka, na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka, hivyo mvuke wa ziwa hutawanywa na upepo kabla haujafika mbali. Kuelekea Novemba, ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata jua na kufika kwetu, na hewa yenye unyevunyevu huja kutoka upande wa Congo. Pepo zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Kwa hiyo Kigoma na Tabora tuna msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili, si vuli na masika kama wenzetu wa pwani.

Lakini hata wingu likiwepo, mvua bado. Kila kitone huanza kwa kushika chembe ya vumbi, moshi au chumvi, na upana wake ni kama milimita 0.02 tu. Kitone kidogo hivyo hushuka sentimita 1 hivi kwa sekunde. Hewa ikipanda taratibu tu inakibeba. Chukua wingu la kilomita 1 kila upande, lenye nusu gramu ya maji kwa kila mita ya ujazo: ni tani 500, na bado linaelea!

Tone la mvua la milimita 2 lina maji ya vitone milioni 1. Vitone hufikia ukubwa huo kwa kugongana na kuungana: kilichozidi wenzake kidogo hushuka haraka zaidi, kinawakumba njiani, kinakua. Mawingu marefu yana njia nyingine. Kilomita 4 hivi juu ya ziwa letu joto hufika nyuzi sifuri, na juu zaidi ya hapo, penye baridi kali zaidi, vitone vingi hubaki maji bila kuganda. Chembe za barafu zilizo kati yake hunyang'anya mvuke, hunenepa, huanguka, na nyingi huyeyuka kabla ya kutufikia. Zisipoyeyuka, hasa zile zilizorushwa juu tena na tena, ndiyo mvua ya mawe.

Moshi mwingi nao una madhara yake, na jambo hili tunaochoma misitu ya miombo kila kiangazi tulizingatie: chembe zikizidi, maji yaleyale hugawanywa kwa vitone vingi mno vilivyo vidogo mno, na wingu fupi huweza kupita bila kudondosha kitu. Oktoba utaona pia mishirizi ya kijivu ikining'inia chini ya wingu bila kugusa ardhi. Hiyo ni mvua kweli, ila hewa kavu ya chini imeimaliza njiani.

Wavuvi wa dagaa wanajua kwamba ngurumo za ziwani hupenda usiku. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto; upepo hutoka pande zote mbili, kwetu na Congo, hukutana katikati ya ziwa na kupanda.

Na Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza milimita 20, maana yake kila mita ya mraba imepokea lita 20. Kwa shamba la ekari moja ni takribani lita 80,000.