Shuka Likauke Hadi Kwenye Pindo: Kuanika na Kutunza Mashuka Nyumbani

Watu wengi huwa makini na sabuni, maji na madoa wanapofua mashuka, lakini umakini huo hupungua mara shuka linapofika kwenye kamba. Kwa mtazamo wetu sisi tunaoshughulikia afya ya mazingira ya nyumbani, kuanika ndiko kunakostahili uangalizi mkubwa zaidi. Shuka lililofuliwa vizuri, kisha likakunjwa kabla halijakauka sawasawa, huharibikia ndani ya kabati, na mtu hulilalia usiku kucha ngozi yake na pumzi zake zikigusana nalo.

Uvundo tunaousikia kwenye nguo zilizochelewa kukauka hutokana na bakteria waliosalia kwenye nyuzi baada ya kufua. Wakipata maji na muda wa kutosha, hula mabaki ya jasho na mafuta ya ngozi, kisha hutoa kemikali zenye harufu. Anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Moraxella osloensis, ambaye huvumilia ukavu, ndiyo maana shuka lenye uvundo huonekana limepona likikauka, lakini harufu ile hurudi pale linapopata jasho la mlalaji. Kulipulizia manukato hakusaidii; lifuliwe upya kwa maji ya moto, kama kitambaa chake kinayahimili, na likaushwe haraka. Kuvu nao huota palipo na unyevu wa kudumu, huacha vidoa vyeusi visivyotoka kwa urahisi, na huweza kumsumbua mwenye pumu.

Sehemu zinazodanganya ni pindo, mishono na pembe zenye lastiki. Katikati ya shuka kitambaa ni kimoja tu na hewa hupita, ilhali penye upindo kimekunjwa mara mbili au tatu na kushonwa, hivyo maji hukaa humo muda mrefu zaidi. Kabla ya kuanua, bana upindo kwa vidole viwili kwa muda mfupi, kisha uguse shavuni. Ukihisi ubaridi kuliko unaouhisi katikati ya shuka, maji bado yanavukizwa, na shuka hilo liendelee kukaa kambani. Jioni kipimo hiki hupoteza uhakika, kwani kitambaa kilichopoa huhisiwa kama kibichi hata kikiwa kikavu. Ni vyema basi kuanua mapema, kabla ya umande.

Namna ya kuanika nayo ina uzito wake. Futa kamba kwanza, kwa sababu vumbi na kutu huacha mstari usiotoka kirahisi kwenye shuka jeupe. Kung'uta shuka kwa nguvu mara mbili tatu ili nyuzi zinyooke, na kazi ya pasi itapungua sana. Likiangikwa nusu kwa nusu juu ya kamba moja, pande zake mbili hushikana na kukaa mbichi kwa ndani. Ni afadhali kulitandaza juu ya kamba mbili zilizoachana, hewa ipite katikati. Shuka la lastiki lianikwe midomo ya mifuko ya pembe ikitazama chini, ili maji yasituame humo. Mashuka meupe ya pamba hufaidika na jua kali, ilhali ya rangi yageuzwe nje ndani na yaanuliwe mara yanapokauka, kwa sababu mionzi ya jua huchujua rangi na kudhoofisha lastiki. Hariri ikaushwe kivulini.

Anayelazimika kuanika ndani ya nyumba akumbuke kwamba maji yote yanayotoka kwenye mashuka huishia katika hewa ya chumba, kisha hutua kwenye kuta zenye ubaridi. Madirisha yafunguliwe, na chumba cha kulala kiepukwe iwezekanavyo. Sababu mojawapo ni utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hawanywi maji bali hufyonza unyevu kutoka hewani. Hewa ikibaki chini ya asilimia 50 ya unyevu, hushindwa kustawi. Kinyesi chao ndicho huchochea mzio na pumu kwa watu wengi. Kufua kwa maji ya nyuzi joto 60 huwaua, ilhali maji ya baridi huondoa sehemu kubwa ya kinyesi na kuwaacha wengi wao hai. Kwa sababu hiyo hiyo ya unyevu hatushauri kutandika kitanda mara tu baada ya kuamka. Shuka lifunuliwe kwanza, jasho la usiku likauke.

Kufua mara moja kwa wiki kunatosha kwa walio wengi. Sabuni nyingi kupita kiasi haiongezi usafi, kwani isiposuuzika hukakamaza kitambaa na kunasa uchafu. Dawa ya klorini itumike kwa pamba nyeupe pekee, na kamwe isichanganywe na siki wala amonia, maana mchanganyiko huo hutoa gesi zenye sumu. Alama ya pasi yenye nukta tatu kwenye lebo huruhusu joto kali zaidi, na yenye nukta moja joto la chini tu.

Penye mgonjwa wa upele unaosababishwa na wadudu, mashuka, foronya na taulo alizotumia vifuliwe kwa maji yanayozidi nyuzi joto 50 kwa angalau dakika 10. Kisichoweza kufuliwa kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa siku saba, kwa kuwa wadudu hao hawaishi muda mrefu nje ya ngozi ya binadamu. Kazi hii ifanyike siku ile ile ambayo mgonjwa na wote wanaoishi naye wanaanza kutumia dawa.