Kupiga Windows 11 hakuifanyi kompyuta ya zamani kuwa mpya

"Fundi, nipigie Windows 11, mashine imekuwa nzito mno." Maneno haya nayasikia hapa Dodoma karibu kila ninapofungua ofisi, na yananichosha, si kwa sababu ombi lenyewe ni baya, bali kwa sababu ndani yake mna imani kwamba mfumo endeshi mpya huja na kasi yake mfukoni. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, iliridhika na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 kwa toleo la biti 64. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai GB 4, na kwa GB 4 hizo itawaka, lakini mwenye mashine hatafurahi.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwamba jirani alipigiwa Windows 11 na mashine yake ikawa nyepesi. Sibishi kwamba ilikuwa nyepesi. Ninachobishia ni sababu. Mara nyingi fundi huwa ameifuta diski yote na kupiga mfumo upya, kwa hiyo zimeondoka programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe kila asubuhi, antivirusi mbili zilizokuwa zikigombana, na mapambo ya kivinjari ambayo hakuna aliyekumbuka aliyaweka lini. Angepigiwa Windows 10 ileile kwa njia hiyohiyo angeuona wepesi uleule, na pengine zaidi kidogo. Sifa ya usafi imepewa namba 11, kisha programu zile zinarudishwa moja baada ya nyingine, uzito unarudi, na mteja naye anarudi kuniuliza Windows 12 inatoka lini. Aliyepandisha toleo bila kufuta chochote, akabaki na mafaili na programu zake zote, hata huo wepesi wa muda hauoni.

Kabla ya kuniletea mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Task Manager na kutazama safu zake. Katika kompyuta nyingi za mtumba ninazoletewa, diski inasoma asilimia 100 huku prosesa ikiwa haijafika hata asilimia 10. Maana yake ni kwamba prosesa imekaa bure ikisubiri diski ya kuzunguka, ambayo mkono wake wa kusomea lazima usogee kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa kila faili dogo. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachosogea. Kuiweka SSD ya SATA, ile inayochomekwa mahali pa diski ya zamani, na kuongeza RAM hadi GB 8 kutakupa tofauti ambayo hakuna toleo la Windows litakalokupa. Pia fungua kasha na kupuliza vumbi, kwa sababu vumbi letu la kiangazi huziba kipozeo cha prosesa, na prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe.

Jambo lingine linaloniudhi ni kuchukulia kwamba mashine iliyokataliwa na Windows 11 imechoka. Masharti yake makubwa yanahusu usalama: TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za siri), Secure Boot (ulinzi unaozuia programu isiyoaminika wakati mashine inawaka), na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel inaanzia kwa sehemu kubwa kizazi cha 8. Ndiyo maana Core i7 ya kizazi cha 6, yenye nguvu zake zote, inakataliwa, ilhali Celeron N4020 inayohema kwa kufungua kurasa tatu za intaneti inakubaliwa. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa katika BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), kwa jina la PTT kwenye prosesa za Intel au fTPM kwenye za AMD. Ukienda kuigusa, hakikisha kwanza unao ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga data za diski) na nakala ya mafaili, na usihame kutoka Legacy, njia ya zamani ya kuwasha mashine, kwenda UEFI, njia mpya, kabla ya kubadili mpangilio wa diski kutoka MBR kuwa GPT, la sivyo mashine haitawaka.

Wapo wanaotaka niyaruke masharti hayo. Inawezekana, na nimewafanyia baadhi yao, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 mashine zenye prosesa za zamani sana haziwezi kuwaka kabisa. Msaada wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 2026. Kati ya kubaki na mfumo usiozibwa tena mianya ya usalama na kuruka masharti, siku moja nashauri hivi, siku nyingine vile, kutegemea kama mashine ni ya watoto kuandikia kazi za shule au ya baba kuingilia benki. Kwa huyo wa benki humwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure usio wa Microsoft, akikubali, baada ya kuijaribu kwanza kwenye flashi na kuthibitisha kwamba printa yake inachapa.