Kitani cha shimizi: acheni kuuliza gramu peke yake

Mteja mwingine amekuja na kitambaa chake mkononi. Kitani cha gramu 250 kwa mita ya mraba, cha hudhurungi, kimejaa vinundu, na anataka nimshonee shimizi ya mwanamke wa Virginia wa miaka ya 1770. Nikamuuliza kwa nini amechagua hicho. Jibu likawa lile lile: "Watu wa zamani walivaa nguo nzito zinazokwaruza, nataka iwe ya kweli." Nimechoka kulijibu jambo hili mezani, mtu mmoja mmoja. Naliandika hapa, na mafundi wenzangu mnaopokea oda za waigizaji wa historia wa Marekani na Uingereza, lisomeni kabla hamjatia mkasi.

Shimizi ilikuwa na kazi. Ilikaa kwenye ngozi, chini ya koseti na sketi na gauni. Gauni la hariri au la sufu halikufuliwa ovyo. Shimizi ndiyo iliyokunywa jasho, na ndiyo iliyofuliwa. Ilichemshwa, ikalowekwa kwenye maji ya majivu, ikapigwa kwa vibao, ikaanikwa majanini. Kitani kinastahimili yote hayo kwa sababu uzi wake huzidi nguvu ukilowa. Kila ilipofuliwa na kupigwa na jua ilizidi kuwa laini na nyeupe. Weupe ulikuwa fahari, na Haarlem kule Uholanzi palijulikana kwa viwanja vyake vya kung'arishia kitani. Kwa hiyo hudhurungi hiyo mnayoipenda ni rangi ya kitambaa ambacho bado hakijaonja maji. Suala la rangi nimelimaliza.

Sasa tuje kwenye gramu, maana hapa ndipo watu wanaponitoa jasho. Kila mtu anauliza, "Nichukue gramu ngapi?" kana kwamba namba hiyo peke yake inatosha. Haitoshi, na hesabu ni rahisi. Chukua kitambaa chenye nyuzi 24 kwa sentimita, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) sawasawa, uzi wake una uzito wa gramu 25 kwa kilomita. Mita moja ya mraba ina nyuzi 2,400 za mtande na 2,400 za mshindio, jumla mita 4,800 za uzi. Uzito wake ni gramu 120. Chukua cha pili, chenye nyuzi 12 tu kwa sentimita, lakini uzi wake ni mnene maradufu, gramu 50 kwa kilomita. Hapo una mita 2,400 za uzi, na uzito ni gramu 120 vile vile. (Nimeacha mawimbi ya uzi unapopanda na kushuka; yanaongeza kidogo kote kuwili.) Dukani vyote viwili vitaandikwa namba moja, na bei pengine ikalingana.

Lakini ukivishika utajua ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza kinakunjika kwa ukucha na mkunjo unabaki. Ukikata ukingo wake, unakaa ukikusubiri umalize kupinda. Mwanga unapita lakini macho hayaoni mwili. Cha pili kina matundu, kinavutika kwenye viwiko baada ya saa chache, ukingo unafumuka kabla sindano haijafika, na mshono unaobeba nguvu unaachia nyuzi taratibu mpaka panapasuka. Wengi wanaolalamika kwamba kitani chepesi hakidumu, wanakilalamikia hiki cha pili. Wakishaungua mara moja, wanakimbilia gramu 250 wakidhani tatizo lilikuwa wepesi. Tatizo lilikuwa ufumaji.

Kwa hiyo hesabuni nyuzi. Weka rula juu ya kitambaa, piga picha kwa simu, ikuze, hesabu nyuzi za mtande ndani ya sentimita moja, kisha za mshindio. Kwa shimizi sishuki chini ya 18. Kwa shati la bwana mwenye nafasi natafuta 22 kwenda juu, na nikizipata sihangaiki sana kama mizani inasoma 115 au 135.

Anayeniambia kwamba watu wa kale hawakuweza kufuma hivyo, nampeleka Misri, hapa hapa barani kwetu. Kuna vazi la kitani lililochimbuliwa Tarkhan na mwanaakiolojia Flinders Petrie mwaka 1913, likakaa na matambara mengine mpaka 1977 lilipogunduliwa wakati wa kusafishwa, na sasa liko katika makumbusho ya Petrie jijini London. Vipimo vya kaboni vya mwaka 2015 vililiweka kati ya miaka 3482 na 3102 kabla ya Kristo. Mtande wake una nyuzi 22 hadi 23 kwa sentimita. Mikono yake ina marinda madogo madogo, na kwenye viwiko na makwapa bado kuna mikunjo ya mtu aliyelivaa. Uzi ule ulisokotwa kwa mkono, miaka elfu tano iliyopita. Mwaka 1770 ulikuwa juzi tu.

Sasa, je, kitani kikali cha kukwaruza hakikuvaliwa? Kilivaliwa, na ni lazima tuseme na nani. Ukichana kitani kwenye chanuo la misumari unapata nyuzi ndefu, nazo ndizo za nguo nzuri, halafu yanabaki makapi, nyuzi fupi zilizovunjika zenye vipande vya bua. Makapi nayo yalisokotwa na kufumwa. Kule South Carolina, sheria ya mwaka 1735 ilitaja kwa majina vitambaa ambavyo watumwa waliruhusiwa kuvaa, vyote vya bei ya chini, na kitani kikali kilichoitwa osnaburg, kwa jina la mji wa Osnabrück wa Ujerumani, kilikuwa kimojawapo. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa Wamarekani Weusi, aliyezaliwa utumwani Virginia katika miaka ya 1850, alisimulia kwamba shati jipya la makapi ya kitani lilikuwa mateso makubwa kwenye ngozi ya mtoto, na kwamba kaka yake John alijitolea kulivaa yeye kwanza kwa siku kadhaa ili lilainike. Hebu fikirini upendo huo.

Ndiyo maana neno "zamani" linaniudhi likitumiwa hivi. Ukali ule haukuwa wa zama. Ulikuwa wa mtu aliyenyimwa kuchagua. Mwigizaji anayesimama badala ya mtu aliyekuwa mtumwa nitamtafutia kitani kikali, na nitamshonea kwa heshima yote. Lakini mke wa mfanyabiashara wa Williamsburg, mji wa Virginia, kuvikwa gunia kwa sababu "ndivyo walivyokuwa", hapana, huko ni kufuta tofauti ambayo watu waliilipia kwa ngozi zao. Na hiyo osnaburg inayouzwa leo ni pamba, karibu na marekani yetu ya kawaida. Msinunue mkidhani mmepata kitani.

Kuna sababu nyingine ya ufundi mtupu. Shimizi na shati la karne ya 18 hukatwa kwa miraba na pembetatu, jinsi tunavyokata kanzu: badani, taharizi, mikono, kikwapa (kipande cha chini ya kwapa). Kila mshono hupindwa na kulazwa ili ukingo usionekane. Pale kikwapa kinapokutana na mkono na badani, mikunjo inalaliana. Kwa kitani cha gramu 130 sehemu hiyo inabaki bapa. Kwa gramu 250 inakuwa fundo gumu, koseti inalibana fundo hilo kwenye ubavu, na jioni mwanamke anakuonyesha alama nyekundu.

Mkono wa shati ndio unaonifurahisha zaidi. Una mzunguko wa sentimita 80 au zaidi, na unatakiwa kuingia kwenye ukanda wa kifundo wenye sentimita 20. Unapitisha mistari miwili ya sindano, milimita tatu kutoka mmoja hadi mwingine, unavuta mpaka kitambaa kijikunje, halafu unapitisha ncha ya sindano katikati ya kila rinda kulinyoosha, na unalishona kwenye ukanda moja baada ya jingine. Kitani kizuri kinajipanga kama meno ya kitana. Kizito hakiingii, na ukikilazimisha kifungo hakifiki kwenye tundu lake.

Uzito wenyewe mwilini si mdogo pia. Shimizi inayokula mita mbili na nusu za kitambaa cha upana wa sentimita 150 ni gramu 450 ukitumia kitani cha 120, na gramu 900 ukitumia cha 240, kabla hujaongeza sketi hata moja. Ikilowa jasho kiangazi cha Virginia, utaikumbuka.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotaka gramu 80 kwa sababu ya joto. Hicho ni cha vitambaa vya shingoni na marinda ya ukingo. Kwenye kikwapa kitachanika.

Basi namba zangu, zikienda pamoja na hesabu ya nyuzi: shimizi na shati la watu wa kati, gramu 115 hadi 140; za askari, baharia na kibarua, 150 hadi 180. Wauzaji wa Marekani wanaandika aunsi kwa yadi ya mraba, kwa hiyo 3.5 ni kama 119 na 5.3 ni kama 180. Hizo za kibarua nazisema kwa sauti ya chini kidogo. Nguo zilizofika makumbusho ni za wenye mali, tena mara nyingi ni zile ambazo hazikuvaliwa sana. Shati la kibarua lilivaliwa likawa viraka, viraka vikawa matambara, na matambara yakauzwa kutengenezea karatasi. Kinachobaki ni orodha za bei na majina ya vitambaa, na bei haikuambii gramu. Hata shimizi iliyosalia ikipimwa leo, imeshapunguzwa na mamia ya mafuo. Anayekupa namba kamili ya shati la maskini amekisia, kama ninavyokisia mimi, ila mimi nakuambia.

Mwisho, namba ya dukani ni ya kitambaa kikavu ambacho hakijafuliwa. Kifue kwa maji ya moto kabla ya kukata. Kikirudi asilimia tano kila upande, cha 120 kinakuwa kama 133. Baada ya kukausha na kupiga pasi, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kiweke kwenye mizani ya sonara, zidisha kwa mia. Vilivyozidi 200 viwekeeni aproni, mikoba ya askari na matabaka ya ndani ya koseti, huko vinafanya kazi nzuri sana.