Paipu za hewa kwenye pikapu ya zamani: yasemwayo gerejini na yalivyo

Peleka pikapu ya zamani gereji za Changamwe, Mombasa, useme wataka kuiwekea springi za hewa. Fundi atakuuliza kompresa, atakuuliza beluni (mfuko wa mpira unaojazwa hewa kuinua gari), na paipu atasema "hizo zipo tu." Hapo ndipo uvujaji unapoanzia.

"Paipu ni paipu, hata ya maji yafaa."
Ya maji haikutengenezwa kubeba presha ya psi 150 kutwa chini ya chesisi, juu ya lami ya moto. Tafuta nailoni ya breki za malori, yenye maandishi ya kiwango chake, SAE J844, ubavuni. Yasome kabla hujalipa. Ya robo inchi ni nailoni tupu, ya 3/8 kwenda juu ina uzi uliofumwa ndani ya ukuta wake. Hata hiyo huishia nyuzijoto 93 hivi za Selsiasi, basi iweke mbali na egzosi.

"Paipu nene huinua gari juu zaidi."
Kinachoinua ni presha ndani ya beluni. Upana wa paipu huongeza kasi ya kuinuka tu. Kama si mtu wa kurusharusha gari mbele ya watu, robo inchi yakutosha, na kusawazisha pande mbili huwa rahisi.

"Shaba ndiyo ya kudumu."
Kwa macho, nakubali, yapendeza kwenye gari la kale. Lakini shaba ikitikiswa sana hukakamaa, kisha hupasuka karibu na nati.

"Jointi ikivuja, zungusha tepu."
Hili ndilo lililonichosha. Nilichomoa paipu moja kwenye gari langu: ncha imekatwa kwa msumeno, imekwenda upogo, ina mikwaruzo, na imevishwa tepu nyeupe kama kidole kilichojeruhiwa. Jointi ya kusukumia, ile unayochomeka paipu tu bila kufunga nati, huziba kwa pete ya mpira iliyo ndani. Tepu kazi yake ni kwenye nyuzi za skrubu, na vipande vyake vikikatika huenda kukwama kwenye valvu. Kata kwa wembe mkali, ncha iwe sawa kabisa, sukuma mpaka igote, kisha paka povu la sabuni utazame.

"Hewa haina maji."
Hewa ya Mombasa? Kompresa huikamua, na unyevu mwingi hubaki tangini ukiwa maji. Jumapili, baada ya kwenda Mtwapa na kurudi, nilifungua koki ya chini ya tangi: maji ya kujaza kikombe kizima cha kahawa, rangi ya strungi.